Kumgeuza Mtoto Tumboni Kabla ya Kuzaliwa: Maarifa ya Ukunga na Msamiati Wake kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mtoto aliyetanguliza makalio anavyoweza kugeuzwa akiwa bado tumboni ili azaliwe akitanguliza kichwa. Yanaeleza kwa nini mtoto hukaa hivyo, historia ya ugeuzaji, hatua zinazofuatwa hospitalini, manufaa yake na hatari zake. Aidha, makala yanachunguza maneno ambayo Kiswahili kinayatumia kulieleza jambo hili na kuonyesha kwamba uteuzi wa neno una uzito katika uamuzi wa mama. Hoja kuu ni kuwa mama hawezi kukubali wala kukataa asichoelezwa kwa lugha anayoielewa.

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kukutana na uzazi katika nyimbo za unyago, katika methali na katika mafumbo ya makungwi. Ni nadra tukutane nao katika makala ya maelezo. Wanaouandika kwa undani ni wanasayansi, nao huuandika kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba lugha inayojivunia msamiati mpana wa hisia za mzazi hukosa sauti pale mzazi huyo anapofika kliniki. Tunakubali kuwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mzazi huyo huyo hukabidhiwa kadi iliyojazwa kwa maneno asiyoyajua.

Mada ya kumgeuza mtoto tumboni imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni tendo linalofanywa kwa mikono, bila kisu, nalo linaweza kumwondolea mama haja ya upasuaji. Pili, ni tendo linalotegemea ridhaa ya mama aliye macho na anayesikia kila kinachosemwa. Hapa lugha ni sehemu ya tiba yenyewe. Mwandishi si tabibu, na makala haya hayakusudiwi kuwa badala ya ushauri wa daktari au mkunga. Yanakusudiwa kuonyesha kwamba jambo hili linaelezeka kwa Kiswahili, tangu mwanzo hadi mwisho.

2.0 Mlalo na Mtangulio wa Mtoto

Kabla ya kuzungumzia ugeuzaji, yafaa tutofautishe dhana mbili. Ya kwanza ni mlalo, yaani jinsi uti wa mgongo wa mtoto unavyoelekeana na uti wa mgongo wa mama. Mtoto anaweza kuwa wima au anaweza kuwa amekingama, kama mti ulioangukia njia. Dhana ya pili ni ile ambayo makala haya yataiita mtangulio, yaani kiungo cha mtoto kilicho karibu zaidi na mlango wa kizazi na ambacho ndicho kitakachotangulia kutoka. Mtoto aliye wima anaweza kutanguliza kichwa au kutanguliza makalio.

Katika miezi ya kwanza mtoto huogelea katika maji ya uzazi na hujigeuza apendavyo, kwa kuwa ana nafasi tele. Ndiyo maana katika wiki ya 28 ya ujauzito, watoto kati ya 20 na 25 katika kila 100 huwa wametanguliza makalio, na jambo hilo halimshtui mkunga. Kadiri wiki zinavyosonga, mtoto hukua, nafasi hupungua, na wengi hujigeuza wenyewe. Mimba inapotimia, waliosalia katika hali hiyo huwa kati ya 3 na 4 tu katika kila 100.

Mtangulio wa makalio una sura tatu. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi mimba ikishatimia, ni ile ya mtoto aliyetanguliza makalio huku miguu yake imenyooka kuelekea juu, nyayo zikikaribia uso. Ya pili ni ya mtoto aliyechuchumaa, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zikiwa karibu na makalio. Ya tatu ni ya mtoto aliyetanguliza unyayo mmoja au nyayo zote mbili. Tofauti hizi si za kupamba maelezo. Katika sura ya tatu, kwa mfano, mlango wa kizazi hauzibwi sawasawa, hivyo chupa inapopasuka kiungamwana kinaweza kuteleza na kutoka kabla ya mtoto. Kikibanwa, mtoto hukosa hewa.

Kwa nini baadhi ya watoto hawajigeuzi? Zipo sababu zinazojulikana: mapacha kubanana, maji ya uzazi kuzidi au kupungua mno, kondo la nyuma kukaa chini karibu na mlango wa kizazi, uvimbe katika nyumba ya uzazi, au nyumba yenyewe kuwa na umbo lisilo la kawaida. Mtoto anayezaliwa kabla ya wakati pia ana uwezekano mkubwa wa kuwa hivyo kwa sababu hakupata muda wa kugeuka. Hata hivyo, mara nyingi hakuna sababu yoyote inayopatikana. Hili ni la kusisitizwa: hali hii haitokani na jinsi mama alivyokaa, alivyolala wala alivyotenda.

Tatizo la kutanguliza makalio linahusu mpangilio wa kutoka. Kichwa ndicho kiungo kikubwa na kigumu zaidi cha mtoto mchanga. Kinapotangulia, hufungua njia na mwili hufuata kwa urahisi. Kinapobaki nyuma, mwili mwembamba unaweza kupita kisha kichwa kikakwama wakati ambapo kiungamwana kimebanwa na dakika zinahesabika. Wakunga wenye ujuzi wamewazalisha watoto wa namna hii tangu jadi, na wengi huzaliwa salama. Lakini ujuzi huo unahitaji mazoezi, na tutaona punde kwa nini umeadimika.

3.0 Historia kwa Muhtasari

Mtoto anayetanguliza miguu amewashughulisha wanadamu kwa muda mrefu, na ushahidi mmoja tunaupata katika majina. Mwandishi wa Kirumi Pliny alieleza kuwa jina Agrippa lilipewa watoto waliozaliwa kwa miguu, kwa maana ya kuzaliwa kwa taabu. Wayoruba wa Nigeria humwita mtoto wa namna hiyo Ige. Hapa kwetu Kenya, Waluo wana Owino na Awino kwa mtoto aliyezaliwa akiwa amezungukwa na kiungamwana. Jamii hizi zote zilihifadhi tukio la uzazi katika jina ili lisisahaulike. Shakespeare naye, katika tamthilia zake za kihistoria, alimfanya mfalme Richard wa Tatu azaliwe akitanguliza miguu, na akaifanya hali hiyo kuwa dalili ya uovu wake. Mwanafunzi wa fasihi ataona mara moja jinsi ajali ya kimaumbile inavyogeuzwa kuwa hukumu ya kimaadili.

Kitiba, wazo la kumgeuza mtoto ni kongwe. Katika karne ya 16 tabibu Mfaransa Ambroise Paré alifufua mbinu ya kale ya kuingiza mkono ndani ya nyumba ya uzazi wakati wa uchungu na kumvuta mtoto kwa miguu. Njia hiyo iliwaokoa baadhi, lakini ilikuwa ya hatari na maumivu makali. Mwaka 1807 Mjerumani Justus Heinrich Wigand aliandika kuhusu kumgeuza mtoto kwa mikono ikiwa nje, juu ya tumbo la mama. Katika miaka ya 1860 Mwingereza John Braxton Hicks alieleza mbinu iliyochanganya mkono wa nje na vidole vya ndani.

Kwa muda mrefu baada ya hapo madaktari waliwageuza watoto mapema, kabla mimba haijatimia. Walifuata mantiki ya methali yetu: samaki mkunje angali mbichi. Mtoto mdogo mwenye nafasi tele hugeuka kwa wepesi. Hata hivyo, methali haikufaa hapa. Mtoto aliyegeuzwa mapema alikuwa na nafasi ile ile ya kujirudisha alikotoka. Wengine walikuwa wakigeuzwa bure, maana wangejigeuza wenyewe. Na kama jambo lingeharibika na mtoto akalazimika kutolewa, angezaliwa njiti. Kuanzia miaka ya 1970, huko Ujerumani, madaktari walianza kusubiri hadi mimba ikaribie kutimia, kisha wakatumia dawa ya kulegeza misuli ya nyumba ya uzazi.

Ni fahari kwa bara letu kwamba sehemu ya ushahidi uliothibitisha njia hii ilitoka Afrika. Majaribio ya kulinganisha akina mama waliogeuziwa watoto na wasiogeuziwa yalifanywa Johannesburg, yakachapishwa na Justus Hofmeyr mwaka 1983, na mengine yakafanywa Harare na kuchapishwa mwaka 1991. Yote yalionyesha kwamba ugeuzaji mimba inapotimia hupunguza idadi ya watoto wanaozaliwa wakitanguliza makalio na hupunguza upasuaji.

Mwaka 2000 matokeo ya utafiti mkubwa ulioongozwa na Mary Hannah wa Kanada yalichapishwa. Utafiti huo ulihusisha wanawake 2,088 katika nchi 26, nao ulilinganisha upasuaji uliopangwa na uzazi wa njia ya kawaida kwa watoto waliotanguliza makalio. Watoto waliofariki au kupata madhara makubwa walikuwa asilimia 1.6 katika kundi la upasuaji na asilimia 5.0 katika kundi la pili. Athari yake ilikuwa ya ghafla. Hospitali nyingi duniani ziliacha kuwazalisha watoto hao kwa njia ya kawaida. Baadaye, mwaka 2004, watoto walipofuatiliwa hadi umri wa miaka 2, tofauti ya vifo na ya kuchelewa kukua kiakili haikuonekana tena, na wataalamu kadhaa wakauhakiki utafiti ule. Lakini mikono iliyokuwa ikijua kazi ilikuwa imeanza kustaafu bila kurithisha. Katika mazingira haya, ugeuzaji wa nje ulipata umuhimu mpya: iwapo ujuzi wa kumpokea mtoto anayetanguliza makalio unapungua, basi afadhali ageuzwe kabla ya siku yenyewe.

4.0 Utaratibu wa Ugeuzaji

Kwa kawaida mama anayebeba mimba ya kwanza anaweza kufanyiwa ugeuzaji kuanzia wiki ya 36, na aliyewahi kuzaa kuanzia wiki ya 37. Aliyewahi kuzaa husubiri zaidi kwa kuwa misuli yake imelegea na mtoto bado ana fursa nzuri ya kujigeuza. Kwa mimba ya kwanza, uwezekano wa mtoto kujigeuza mwenyewe baada ya wiki ya 36 ni takriban 8 katika 100 tu.

Kazi hii hufanyiwa hospitalini, mahali ambapo upasuaji wa dharura unaweza kufanywa bila kuchelewa. Hatua zake ni hizi:

Kwanza, mama huelezwa na kuulizwa ridhaa yake. Kisha hupimwa kwa picha ya mawimbi ya sauti ili kuhakikisha mtoto amekaaje, kondo la nyuma liko wapi na maji ya uzazi yanatosha. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kwa muda na kurekodiwa.

Pili, mama huenda haja ndogo, kisha hulala chali akiwa ameinama kidogo upande mmoja ili uzito wa mimba usibane mishipa mikubwa ya damu. Huweza kudungwa dawa ya kulegeza misuli, kama vile tabutalini. Dawa hii humfanya mama ahisi moyo wake ukienda mbio kwa muda mfupi, na ni vyema aambiwe mapema asije akaogopa.

Tatu, tumbo hupakwa jeli au unga laini ili mikono iteleze. Daktari au mkunga aliyefunzwa huyainua makalio ya mtoto kutoka kwenye nyonga kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili hukishika kichwa. Halafu hukisukuma kichwa kuelekea mbele na chini huku makalio yakisukumwa juu, pole pole, mtoto akipigishwa kichwangomba. Asipokubali kupinduka upande wa mbele, hujaribiwa upande wa nyuma. Mikono haiharakishi. Huongoza, husubiri, kisha huongoza tena.

Nne, baada ya kila jaribio mapigo ya moyo wa mtoto huchunguzwa. Yakishuka na yasipopanda haraka, kazi husitishwa. Vile vile husitishwa mama anaposema basi. Shughuli yote ya kusukuma ni ya dakika chache.

Tano, mapigo hurekodiwa tena. Mama mwenye kundi la damu lisilo na chembe ya Rhesus hudungwa kinga maalumu, kwa sababu damu kidogo ya mtoto huenda ikachanganyika na yake. Kisha, hali ikiwa shwari, mama hurudi nyumbani siku hiyo hiyo kuusubiri uchungu wake.

Je, kuna maumivu? Wapo wasemao ni usumbufu tu na wapo wasemao waliumia. Jibu la uaminifu ni kwamba mama atasikia shinikizo kubwa tumboni, na kwamba ana haki ya kuamuru kazi ikome wakati wowote.

5.0 Wasiofaa Kugeuziwa

Kuna akina mama ambao hawafanyiwi ugeuzaji. Miongoni mwao ni wenye kondo la nyuma lililofunika mlango wa kizazi, waliovuja damu katika siku za karibuni, ambao chupa yao imekwisha kupasuka, wenye mimba ya mapacha, na wale ambao mapigo ya moyo wa watoto wao si ya kuridhisha. Vile vile, mama ambaye atapasuliwa kwa sababu nyingine hana haja ya kugeuziwa. Mama aliyewahi kupasuliwa mara moja hakatazwi moja kwa moja. Hilo huamuliwa na daktari baada ya kumpima.

6.0 Manufaa na Hatari

Kwa jumla, karibu nusu ya majaribio hufaulu. Kwa waliowahi kuzaa, takriban 60 katika 100 hufaulu, na kwa mimba ya kwanza takriban 40. Uwezekano huongezeka iwapo maji ya uzazi ni ya kutosha, makalio hayajazama nyongani, na misuli ya tumbo imelegea. Watoto wanaogeuka huwa wamegeuka kweli: ni wachache mno wanaojirudisha, chini ya 5 katika 100.

Faida kuu ni kuepuka kisu. Upasuaji umeokoa maisha mengi na hakuna sababu ya kuutia doa. Hata hivyo, jeraha lake hubaki katika nyumba ya uzazi na huathiri mimba zifuatazo, kwani kovu linaweza kupasuka wakati wa uchungu. Katika nchi ambamo mama anaweza kubeba mimba inayofuata akiwa mbali na chumba cha upasuaji, kovu moja si jambo dogo.

Hatari za ugeuzaji zipo, ingawa si nyingi. Mapigo ya moyo wa mtoto yanaweza kupungua kwa muda, na mara nyingi hurejea yenyewe. Ni kwa nadra kondo la nyuma hubanduka, damu huvuja au chupa hupasuka. Katika kila ugeuzaji 200, mmoja hivi huishia katika upasuaji wa haraka. Ni kwa ajili ya huyo mmoja kwamba kazi hii haifanyiwi nyumbani.

Jaribio lisipofaulu, mama hubaki na njia tatu: kujaribu tena siku nyingine, kupasuliwa kwa mpango karibu na wiki ya 39, au kuzaa kwa njia ya kawaida mbele ya mtaalamu aliyezoea. Fauka ya hayo, mtoto aliyekaa kwa makalio katika wiki za mwisho, awe amegeuzwa au la, apimwe viungo vya nyonga baada ya kuzaliwa, kwani wapo ambao viungo hivyo havikukaa sawasawa.

7.0 Njia Nyinginezo

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, wakunga wa jadi wamekuwa wakilikanda tumbo la mja mzito kwa mafuta, na baadhi yao husema wanaweza kumweka mtoto sawa. Haifai kuudharau ujuzi wa vidole vyao. Kupapasa tumbo na kujua kichwa kiko wapi ni elimu, na hata daktari huanza kwa mikono. Tofauti ni kwamba mkunga wa jadi hawezi kuona kondo la nyuma liko wapi, hana chombo cha kurekodi moyo wa mtoto, wala hana pa kukimbilia mambo yakiharibika. Mkunga kama huyo anaweza kufanya jambo kubwa zaidi: kutambua kwa vidole kwamba kichwa kiko juu, na kumsindikiza mama hospitalini mapema, kabla ya siku ya uchungu.

Wachina wana desturi ya kuchoma majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga karibu na kidole kidogo cha mguu. Utafiti uliolinganishwa unaonyesha kuwa huenda ikasaidia kiasi ikiongezwa kwenye huduma ya kawaida. Kuhusu kupiga magoti na kuinua makalio kwa dakika kadhaa kila siku, ushahidi uliopo hautoshi kuthibitisha kwamba mtoto hugeuka kwa sababu hiyo.

8.0 Suala la Lugha

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Mwandishi wa makala haya aliwahi kumsindikiza dadaye katika kliniki ya hospitali moja ya umma, akiwa na mimba ya wiki 36. Muuguzi alimpapasa, akaandika neno moja la Kiingereza katika kadi, akasema, "Mtoto amekaa vibaya, utapasuliwa." Foleni ilikuwa ndefu na muuguzi alikuwa peke yake. Njiani kurudi, dada aliuliza swali moja: "Kwani mimi nilikaa vipi?" Alikuwa amesikia lawama. Katika wiki tatu zilizofuata alilala ameketi, akiogopa kumpindisha mtoto zaidi. Alipasuliwa katika wiki ya 39, naye na mtoto wakawa salama. Huenda hakuwa miongoni mwa wanaofaa kugeuziwa. Lakini hakuwahi kuambiwa kuwa kuna kitu kinachoitwa kugeuza, hivyo hakuwa na la kuuliza.

Tuyachunguze maneno yenyewe. "Amekaa vibaya" yana kasoro mbili. Kwanza hayabainishi: mtoto aliyekingama, aliyechuchumaa na aliyetanguliza nyayo wote "wamekaa vibaya," ilhali hatima zao ni tofauti. Pili, kielezi "vibaya" hubeba hukumu. Katika Kiswahili, kukaa vibaya ni kosa la adabu, na kosa lina mkosaji. "Ametanguliza makalio" haina hukumu hiyo. Inasema kilicho wapi, basi.

Huenda msomaji akauliza kama si aibu kutamka makalio mbele ya watu. Tafsida ni hazina ya lugha yetu, na neno makalio lenyewe ni tafsida tayari. Zaidi ya hapo, wahenga walikwisha kulimaliza suala hili waliposema mficha uchi hazai. Adabu ya mkunga ni kusema kwa upole. Kuficha si sehemu ya adabu hiyo.

Kwa upande wa kitenzi, tuna kugeuza na kupindua. Kupindua kwa masikio ya leo kuna harufu ya mapinduzi na nguvu, na mama akiambiwa mtoto wake atapinduliwa ana haki ya kushtuka. Kugeuza ni tulivu, kunaeleweka, na kunazaa nomino bila taabu: ugeuzaji. Kikiongezwa kivumishi tunapata "ugeuzaji wa nje," dhana inayoutofautisha na ule wa kale wa kuingiza mkono ndani.

Kuhusu nomino, mwandishi anapendekeza utatu ufuatao ambao umeundwa kwa kanuni moja ya mnyambuliko: mlalo kutokana na lala, mkao kutokana na kaa, na mtangulio kutokana na tangulia. Mlalo utaje wima au kukingama. Mtangulio utaje kiungo kinachotangulia. Mkao utaje jinsi viungo vilivyokunjwa. Mlalo na mkao yamo vinywani mwa watu tayari. Mtangulio ni geni kidogo, lakini mzawa yeyote wa lugha ataling'amua bila kamusi, na hicho ndicho kipimo cha istilahi njema. Tunaweza kulinganisha na kijusi, neno sahihi ambalo hata hivyo hakuna mama anayelitumia kwa aliye tumboni mwake. Kwa mama huyo ni mtoto, na mkunga mwenye busara humfuata mama.

Suala hili si la kupendeza masikio tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na katika Kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya afya, ikiwemo afya ya uzazi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika sehemu ya 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa kuhusu hali yake, njia za tiba zilizopo, faida na hatari zake, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Sheria imekwisha kusema. Kilichobaki ni maneno, na maneno ni kazi yetu.

9.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba ugeuzaji wa nje ni tendo linaloeleweka: mtoto hupimwa, misuli hulegezwa, mikono huongoza, moyo husikilizwa. Karibu nusu ya majaribio hufaulu, na hatari zake ni chache zinapochungwa mahali panapofaa. Yameonyesha pia kwamba maelezo yote hayo yanaweza kutolewa kwa Kiswahili bila kuazima hata sentensi moja.

Inapendekezwa kwamba idara za Kiswahili katika vyuo vyetu zishirikiane na shule za uuguzi na ukunga kuandaa kijitabu kifupi cha istilahi za uzazi, kikijaribiwa na akina mama wenyewe kabla ya kuchapishwa. Kwa sasa, mama anayeambiwa katika wiki ya 36 kwamba mtoto ametanguliza makalio na aulize maswali matatu: Ametanguliza kwa namna gani? Je, mimi nafaa kugeuziwa? Na kama hapa haifanywi, ni hospitali gani iliyo karibu inayoifanya? Ayaulize wiki hiyo hiyo, maana wiki mbili baadaye nafasi inaweza kuwa imepita.